Kabla presha haijashuka: oksijeni ya tishu na majeruhi wa bodaboda

Mchukulie kijana wa bodaboda aliyegongwa karibu na Muheza, akafikishwa Hospitali ya Bombo jijini Tanga akiwa anaongea vizuri. Presha 118 kwa 76. Nguo hazina hata tone la damu. Huyu ndiye wa kuogopwa. Bandama ikiwa imepasuka, damu inajikusanya tumboni, na mwili wa kijana unajua kuficha: mishipa ya ngozi na misuli inabana ili moyo na ubongo visipungukiwe. Mtu mzima anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, yaani kama lita moja na nusu, ndipo presha iporomoke.

Kile kipimo cha kubana kidoleni, ambacho Mjapani Takuo Aoyagi alikibuni miaka ya 1970, hakina msaada hapa. Kinasoma oksijeni iliyobebwa na damu ya ateri. Damu iliyosalia ikiwa imeshiba oksijeni, kitaonyesha 98 huku mgonjwa anakwisha.

Ndiyo maana wapo wanaotaka tupime oksijeni kwenye tishu yenyewe, yaani nyama ya mwili, ili damu inayovuja igundulike mapema, kwa majeruhi na hata kwa akina mama wanaojifungua. Mwanga usioonekana kwa macho, unaopakana na mwekundu, hupenya kwenye mnofu wa kiganja chini ya dole gumba na kusoma himoglobini, ile inayobeba oksijeni, ndani ya mishipa midogo kabisa. Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kwamba mwanga huo unaweza kusoma oksijeni ndani ya mwili bila kuchana ngozi. Hoja yao ina uzito: misuli ni ya kwanza kunyimwa damu inapopungua. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2007, wenye majeruhi 383, ulikuta kwamba usomaji ulio chini ya asilimia 75 ulibashiri kufeli kwa viungo na kifo karibu sawa na kipimo cha asidi ya damu, ambacho kinahitaji sindano na mashine ya maabara. Ndani ya ambulensi inayotoka Korogwe, kifaa kisichohitaji sindano kinavutia.

Lakini neno "mapema" ndilo linalonitia shaka. Mwaka 2005 watafiti walipima watu wazima wenye afya 707 wakapata wastani wa 87. Majeruhi waliokuwa kwenye mshtuko mkali, yaani hali ya viungo kukosa damu ya kutosha, walikuwa na 45, tofauti ambayo hata mgeni wa hospitali angeiona bila mashine. Wenye mshtuko mdogo, ambao ndio tunawatafuta, walikuwa na 83. Wapo wazima wengi tu wenye 83! Mkono ukiwa baridi au umevimba, namba inayumba. Ongeza upungufu wa damu, na huku pwani malaria na selimundu si wageni, hujui mgonjwa alianzia wapi. Kinachosaidia basi ni kuangalia namba inavyokwenda, inashuka au imetulia, na hilo linahitaji mtu wa kukaa nayo.

Kwa wodi ya wazazi sioni haja ya kubishana: kifaa hicho hakihitajiki. Damu ya uzazi kwa kawaida inatoka nje, inaonekana, kwa hiyo inapimika. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaotandikwa chini ya mama, pamoja na matibabu yaliyotolewa yote kwa mkupuo. Matokeo ya 2023: utokaji damu uligunduliwa kwa asilimia 93 ya akina mama waliotokwa damu nyingi badala ya 51, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna betri wala mwanga. Fedha ya Tanga ianzie hapo.

Na yule kijana? Sijataja mapigo yake: 112 kwa dakika. Gawanya kwa presha ya juu, 118, unapata 0.95. Ikishavuka 0.9 kwa majeruhi, shuku damu inavuja ndani, umwekee utrasaundi tumboni na uagize chupa za damu zitengwe. Kipimo hicho hakigharimu kitu, ingawa nacho hudanganya mtu akiwa na maumivu makali au woga.

Kifaa cha tishu ningekijaribu kwa wagonjwa wa aina hiyo tu, waliopondwa tumbo au nyonga wakiwa safarini kuelekea hospitali ya rufaa, na kwa sharti moja: hospitali inayowapokea iwe na damu kwenye friji na daktari wa upasuaji wa zamu. Kengele inayolia saa nzima mapema haimsaidii mtu ikiwa ndugu bado wanatafutwa wachangie damu.