Ngwe za Laxton, na somo tulilofundishwa kinyume

Katika somo la kilimo la shule ya upili hapa Kenya tulikariri vikwazo vya maendeleo ya mkulima, na kimoja ambacho hakikukosa kwenye orodha kilikuwa mashamba yaliyotawanyika. Mtu ana kipande mtoni, kingine mlimani, cha tatu ng'ambo ya bonde. Anapoteza muda njiani, hawezi kuzungushia ua, hawezi kuingiza trekta, mifugo wa jirani wanamwambukizia wake magonjwa. Dawa yake iliandikwa chini: kuunganisha mashamba. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, unapata alama.

Mwalimu hakutuambia, na sidhani alijua, kwamba huko Uingereza yenyewe, ilikotoka dawa hiyo, kuna parokia moja ya mashambani, yaani kijiji na ardhi yake, ambayo watu wake wanalima vipande vilivyotawanyika mpaka leo. Tena serikali ya Uingereza iliinunua parokia hiyo kwa pesa za umma ili vipande hivyo visiunganishwe.

Inaitwa Laxton, iko Nottinghamshire, karibu na mji mdogo wa Ollerton. Ukiitazama juu juu ni kijiji cha Kiingereza kama vingine: kanisa, baa, nyumba za matofali mekundu. Ajabu yake iko nje ya nyumba. Kuna mashamba makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, jumla yake kama ekari 480, na ndani yake hakuna ua, hakuna waya wala ukuta. Kila shamba limegawanywa ngwe ndefu zilizolala sambamba, na kila mkulima ana ngwe zake katika mashamba yote matatu. Jirani yake wa West Field si lazima awe jirani yake wa South Field.

Mzunguko ni wa miaka mitatu. Shamba moja linapandwa ngano kabla ya baridi, la pili linapandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri au maharagwe, la tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata zamu inasogea. Kwa kuwa zamu ni ya shamba zima, huwezi kuamka asubuhi ukaamua kwamba ngwe zako nne utazipanda unavyotaka wewe. Ngwe unailima wewe na mavuno ni yako, ila kalenda ni ya wote.

Udongo wa pale ni mfinyanzi mzito, unaoshika buti na kukataa kuiachia. Kuna sehemu zinazowahi kukauka na kuna sehemu zinazotuama maji. Hapo ndipo hekima ya kutawanya inapoonekana bila maelezo mengi: kila mtu alipata chake katika udongo mzuri na chake katika udongo mbaya. Mvua ikizidi, hakuna anayepoteza vyote.

Nyumba nazo zinasimulia habari hiyo hiyo. Katika parokia nyingi za Uingereza nyumba ya mkulima imesimama peke yake katikati ya shamba lake. Laxton wakulima wanakaa barabara moja ya kijiji, ghala na mazizi yakiwa nyuma au ubavuni mwa nyumba. Ingewezekanaje vingine? Mtu mwenye ngwe kila upande wa dira ajenge nyumba wapi, kama si katikati walipo wenzake?

Kinachoendesha mambo haya yote ni mahakama ya kijiji, Court Leet, iliyobaki tangu enzi za mabwana wa ardhi wa Zama za Kati. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Novemba, wazee wa baraza la mahakama hiyo wanatoka kwenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Si matembezi ya sherehe. Wanapita ngwe baada ya ngwe, wakipigilia vigingi vya kuonyesha mipaka, wakiangalia nani amelima akavuka, nani ameila njia ya pamoja, nani ameusogelea ukingo wa majani usio wake. Anayejua kulima anajua wizi huu ulivyo mtamu: mfuo mmoja tu wa plau kila mwaka, na baada ya miaka kumi njia ya mkokoteni imekuwa njia ya mbuzi. Makosa yanaandikwa. Wiki moja baadaye mahakama inakaa ndani ya baa ya kijiji, Dovecote Inn, wenye makosa wanatozwa faini ya pauni chache, na baraza la mwaka unaofuata linateuliwa.

Faini ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini jina lako linasomwa mbele ya watu unaokunywa nao bia. Mimi natoka mahali ambapo kesi ya mpaka inaweza kuanzwa na babu ikamaliziwa na mjukuu, huku mawakili wakistaafu na kupokezana mafaili. Nikisoma kwamba Laxton mzozo wa mfuo mmoja unapatikana Novemba na kuzikwa kabla ya Krismasi, nashindwa kuuita utaratibu huo wa kizamani. Bunge la Uingereza lilipofuta mamlaka ya mahakama nyingi za aina hii mwaka 1977, ya Laxton iliachwa iendelee na kazi yake ya kusimamia mashamba.

Alama nyingine za parokia nitazipitia kwa haraka, ingawa mgeni huanza nazo. Kaskazini mwa kijiji kuna kilima cha ngome ya Wanormani, wavamizi wa Uingereza wa karne ya 11, cha udongo mtupu sasa, moja ya ngome za aina hiyo zilizobaki vizuri zaidi katika Nottinghamshire. Wenye ngome ndio waliokuwa walinzi wa msitu wa kifalme wa Sherwood, kazi iliyorithiwa katika ukoo. Kanisa la Mtakatifu Michael ni kubwa kuliko kijiji kinavyohitaji, hata baada ya Earl Manvers, bwana mwenye ardhi, kulikarabati mwaka 1859 na kulifupisha. Ndani yake kuna sanamu ya kaburi ya mwanamke iliyochongwa kwa mti wa mwaloni, na kwa kawaida sanamu kama hizo huwa za mawe. Kitongoji cha Moorhouse, kilicho ndani ya parokia hiyo hiyo, kina kanisa lake dogo la karne ya 19. Na kuna zizi la mifugo waliopotea: ng'ombe wako akikutwa kwenye ngano ya watu anafungiwa humo mpaka uje umkomboe. Hilo zizi ndilo ningeanza nalo mimi. Ngome inakwambia nani alitawala. Zizi linakwambia watu waligombania nini.

Tunajua mengi kuhusu Laxton ya zamani kwa sababu ya ramani moja. Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce aliichora parokia nzima kwa ajili ya mwenye ardhi wa wakati huo, Sir William Courten, pamoja na kitabu kinachoeleza kila kipande na mtu wake. Ngwe zilikuwa zaidi ya 2,000. Ramani hiyo imehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, na raha yake iko kwenye vitu vidogo: Pierce hakuridhika na mistari, akachora pia watu wanaolima na wanaovuna, na wawindaji wanaomkimbiza paa. Ni hati ya kodi, lakini mchoraji ameshindwa kuwasahau watu waliokuwa wakilipa kodi hiyo.

Sasa, kwa nini Laxton ilibaki wakati parokia nyingine karibu zote zilibadilika? Kati ya karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua mashamba ya wazi na malisho ya pamoja. Ngwe ziliunganishwa, ua ukapandwa, na maskini aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya wote akajikuta hana pa kumpeleka. Ningependa kusema kwamba watu wa Laxton walikataa. Hawakukataa. Ardhi ya parokia ilikuwa mikononi mwa wakuu wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hao hawakuafikiana jinsi ya kugawana. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, tumezoea kusema. Laxton fahali walipovutana, nyasi ndizo zilizopona. Hata hivyo hazikupona zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe nyingi ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi, na sehemu kubwa ya parokia ina ua kama kwingineko.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, kwa makubaliano kwamba utaratibu wa mashamba ya wazi utatunzwa. Winston Churchill ndiye aliyekuwa waziri mkuu.

Mwaka 1954, Churchill akiwa bado waziri mkuu, Kenya ilitangaziwa Mpango wa Swynnerton. Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo aliyekuwa amefanya kazi Tanganyika kabla ya kuja Kenya, aliandika kwamba vipande vilivyotawanyika vya Waafrika ndivyo vinavyowarudisha nyuma, na kwamba kila familia ipewe shamba moja lililopimwa na kuandikishwa. London ilitoa pauni milioni 5. Swynnerton hakuficha matokeo aliyoyatarajia: wenye bidii na wenye mali wataongeza ardhi, wabovu na maskini watapungukiwa, litatokea tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na kwake hiyo ilikuwa hatua ya kawaida katika ukuaji wa nchi. Alikuwa anaeleza historia ya Uingereza yenyewe.

Najua Wizara ya Kilimo na Wizara ya Makoloni hazikuwa ofisi moja, na huenda ofisa wa hapa hakuwahi kusikia jina Laxton. Sidai kulikuwa na njama. Nasema tu kwamba katika miaka ile ile, serikali moja iliona ngwe zilizotawanyika za Nottinghamshire ni urithi, na zile za Nyeri ni ugonjwa.

Na za Nyeri zilikuwa na sababu zake. Familia ya Kikuyu ilikuwa na kipande kule juu cha maharagwe na viazi vitamu, na kingine chini penye unyevu cha nduma na miwa. Ni hesabu ile ile ya Laxton: usiweke chakula chote kwenye udongo wa aina moja. Haki za malisho, za njia, za wapangaji na za wakwe zilikuwa zimefumwa humo ndani, na wazee wa mbari walikuwa wakizijua kwa kichwa kama wazee wa baraza wa Laxton wanavyovijua vigingi vyao.

Kibaya zaidi ni wakati uliochaguliwa. Kuunganisha mashamba kulifanyika chini ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, watu wakiwa wamehamishiwa vijiji vya lazima na maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini. Kamati ziliketi, zikapima, zikajumlisha. Mwenye kipande hayupo. Aliyeshirikiana na serikali yupo, tena ameketi mbele. Fort Hall, Murang'a ya leo, kazi iliharibika mpaka ikabidi irudiwe. Mwaka 1959 sheria ya uandikishaji ilifunga mlango, na aliyetoka kizuizini akakuta ramani imekwisha kauka wino.

Sitasema mpango wote ulikuwa hasara, maana nimelishwa na sehemu yake. Ulilegeza vikwazo vilivyomzuia Mwafrika kulima kahawa, na hati ya shamba ilisomesha watoto wengi. Wala Laxton si peponi. Wakulima wake walikuwa wapangaji wa bwana mkubwa na wengi bado ni wapangaji, idadi yao imepungua sana kulinganisha na enzi za Pierce, na ngwe za mashamba ya wazi ni sehemu tu ya ardhi wanayoitegemea. Kama serikali isingeingilia mwaka 1952, soko lingeimaliza.

Lakini hilo ndilo linalonikera. Laxton iliachwa ibadilike taratibu. Ngwe zilipounganishwa, ziliunganishwa kwa kadiri, mashamba matatu na mahakama vikabaki. Trekta zinaingia, tena kubwa. Yale tuliyoyakariri kwamba hayawezekani katika vipande vilivyotawanyika, pale yanafanyika kila msimu mbele ya macho ya watalii. Kwetu hapakuwa na katikati: ama vipande vyako vyote kama vilivyo, ama shamba moja lenye namba. Na leo shamba hilo moja limeshagawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka limerudi kuwa vipande, safari hii bila kalenda ya pamoja na bila baraza la kupigilia vigingi.

Laxton haikukaa salama moja kwa moja. Mwaka 1981 wizara iliiachia Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za taji. Mwaka 2018 Crown Estate ikatangaza kwamba inataka kuiuza, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Thoresby, mali ya ukoo ule ule wa Manvers uliouza mara ya kwanza. Mahakama bado inakaa. Majani ya kingo zisizolimika bado yanauzwa kwa mnada, na kingo hizo zinalindwa kwa ajili ya maua ya porini ambayo plau imeyafuta kwingineko.

Kama uko Uingereza na una siku ya kupumzika mwishoni mwa Novemba, nenda na buti za mpira, na usiende kwa ajili ya ngome. Na kama una babu au nyanya aliyeketi kwenye kamati za kuunganisha mashamba miaka ya hamsini, au aliyerudi akakuta chake kimehama, muulize vipande vyake vilikuwa wapi na vya nini, uandike. Sisi hatukuwa na Mark Pierce.