Leni ya basi haiko tupu, ni macho yako tu

Kuna lawama moja nimeisikia mpaka nimeichoka. Huwa inatoka kwa mtu aliyekaa kwenye gari lake, kioo kimeshushwa nusu, mkono nje, foleni haisogei, afu pembeni yake kuna leni ya basi imepakwa rangi vizuri na haina kitu. "Ona sasa, leni nzima wamewapa mabasi na haitumiki, sisi huku tunabanana." Na ukiangalia kwa macho tu utasema ana hoja. Iko tupu kweli. Inapita karibu dakika nzima hakuna kitu, linapita basi moja vuuu, inabaki tupu tena.

Huo utupu ndo kazi yenyewe. Leni ya basi ukiiona imejaa kama zile nyingine ujue imeshakufa.

Tupige hesabu ya haraka, haihitaji kalkuleta. Basi lina watu 60, halijajaa hata sana, na linapita moja kila dakika. Kwa saa ni watu 3,600, na muda mwingi ukisimama pembeni pale unaona lami tupu. Leni ya jirani ya magari madogo, barabara ya mjini yenye mataa, ikipitisha magari 800 kwa saa imejitahidi sana maana karibu nusu ya muda taa ni nyekundu, na humo ndani wengi wamekaa peke yao na begi kwenye siti ya pembeni, weka wastani mtu mmoja na nusu, unapata watu 1,200. Yaani leni "tupu" imebeba mara tatu ya leni iliyojaa mpaka honi zinalia. Na hizi sio namba zangu za kujifurahisha, NACTO, umoja wa maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani, kwenye mwongozo wao wanaipa leni ya magari binafsi watu 600 mpaka 1,600 kwa saa, na leni ya mabasi peke yake 4,000 mpaka 8,000. Upana wa lami uleule.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuhesabu magari. Ukihesabu magari basi na gari dogo vyote ni kimoja kimoja, ukihesabu vichwa hadithi inageuka kabisa.

Mfano ninaoupenda ni wa Marekani, nchi ambayo huwezi kuisingizia kwamba inachukia magari. Kuna handaki la Lincoln linaloingia New York kutokea New Jersey, na tangu 1970 kila asubuhi ya siku ya kazi kwenye barabara inayoelekea kwenye handaki hilo wanachukua leni moja ya upande wa kutoka mjini, upande ambao asubuhi hauna msongamano mkubwa, wanaigeuza iwe ya mabasi yanayoingia. Leni moja tu. Ndani ya masaa machache yanapita mabasi zaidi ya 1,500. Hebu fikiria hao abiria wote kila mmoja angekuja na gari lake, hilo handaki lingehitaji ndugu wangapi.

Ila hiyo ya kubeba watu wengi watu wengi wanaijua hata kama hawaikubali. Kitu ambacho hakisemwi sana ni hela na muda unaopotea basi likikaa kwenye foleni. Chukua njia moja ya basi, kwenda na kurudi dakika 120 kwa sababu ya jamu. Ukitaka basi lipite kituoni kila dakika 10 unahitaji mabasi 12 barabarani, na madereva 12, na mafuta ya mabasi 12 yanayounguruma yamesimama. Haya, wape leni yao, mzunguko ushuke mpaka dakika 80. Mabasi 8 sasa yanafanya kazi ya yale 12. Au, na hapa ndo mimi ningesimama, acha yote 12 yaendelee kuzunguka, basi linakuja kila dakika 6 au 7. Huduma imeongezeka kwa nusu na hujanunua basi hata moja wala kuajiri dereva hata mmoja! Niambie ni barabara gani ya juu inakupa hicho kwa bei ya rangi na vibao.

Afu kuna ile hali ya kungoja kituoni nusu saa mara yanakuja matatu yamefuatana, la kwanza limejaa mpaka mlangoni, la tatu lina watu wanne wamelala. Abiria husema madereva walikuwa wanapiga soga mwisho wa njia. Mara nyingi wala, ni foleni tu imewafanya hivyo. Basi la kwanza likichelewa dakika tatu kwenye makutano, kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi, maana watu wamekusanyika kwa hizo dakika tatu, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, kituo cha mbele tena wameongezeka, wakati huo lililo nyuma yake linakuta vituo vimefagiliwa, halina wa kumpakia, linakimbia mpaka linalikamata la mbele. Likishalikamata ndo basi tena, yataongozana hivyo hadi mwisho. Kwa hiyo dakika tatu za kwenye taa moja zimeharibu ratiba ya njia nzima, na yule aliyekaa kituo cha kumi na nne anamlaumu dereva. Leni ya basi inaziba pale pale mwanzo, kabla ule uchelewaji haujazaa.

Sasa swali la wenye magari: inanisaidia nini mimi? Mimi nina gari, najibu kama mwenye gari. Wataalamu wana kitu wanakiita kitendawili cha Downs na Thomson. Kwa lugha yetu ni hivi, kwenye njia yenye jamu, kasi ya gari mlango kwa mlango huwa inakuja kulingana na kasi ya usafiri wa umma wa njia hiyohiyo. Sababu ni ndogo tu. Basi likiwa la kobe, kila anayeweza anakimbilia gari, barabara inajaa mpaka gari nalo linakuwa la kobe. Basi likianza kuwahi, wale ambao walikuwa wanasitasita wanarudi kwenye basi, barabara inapumua kidogo, mpaka pale viwili vinapokaribiana. Ndo maana kuongeza leni za magari huwa hakudumu, inaongezwa leni, wote walioacha gari nyumbani kwa kuogopa foleni wanalitoa, mwaka haujaisha mko palepale. Ukitaka gari lako liende haraka, fanya basi liende haraka. Inakera lakini ndo ilivyo.

Na watu huogopa kwamba magari yatakimbilia mitaa ya pembeni. New York walipofunga barabara ya 14th Street kwa magari ya kupitiliza Oktoba 2019 wakaachia mabasi na malori, watu wa mitaa ya jirani walienda mpaka mahakamani, mitaa yetu itafurika. Mabasi yakaanza kuwahi mpaka ikabidi wakati mwingine yapunguze mwendo yasiitangulie ratiba ya zamani, na yale mafuriko hayakuja. Sehemu ya safari zile zilibadilika tu, mtu akapanda basi, mwingine akatembea, mwingine akabadili muda. Foleni sio maji, kwamba ukiziba hapa lazima yatokee pale kwa ujazo uleule.

Sitadanganya lakini. Leni ya basi haifuti foleni ya magari, na mwanasiasa akikuambia itaifuta mwambie akae chini. Inachofanya ni kuwatoa watu wengi ndani ya hiyo foleni na kukupa na wewe mlango wa kutokea. Siku unayouhitaji upo.

Na hapa ndo ninapogombana hata na wanaoipenda kama mimi, kwa sababu wanadhani ukishapaka rangi umemaliza. Rangi bila usimamizi ni urembo tu. Nilikuwa kwenye basi siku moja nimesimama karibu na dereva, leni iko safi tunatembea, mbele gari dogo limesimama kwenye leni yetu limewasha taa zote nne, mwenye gari kaingia mahali "dakika moja tu". Dereva akafunga breki, akawasha indiketa kuomba kuingia leni ya magari, nani atamwachia? Kila gari linabana la mbele yake, pua kwa mkia. Nyuma yetu likaja basi lingine, afu la tatu. Nilihesabu, gari la tisa ndo likatuonea huruma. Basi refu kiasi kile kutoka na kurudi kwenye leni linahitaji nafasi kama ya magari manne, kwa hiyo mpaka tunamaliza kulizunguka lile gari na leni ya magari nayo tumeisimamisha. Mtu mmoja kashuka dakika moja, watu mia na kitu wamelipa dakika sita kila mmoja. Zidisha mwenyewe.

Ndo maana miji iliyofanikiwa ama inaweka ukuta, ama inaweka kamera. London leni zinalindwa na kamera, faini inakufuata kwa barua nyumbani huna wa kubishana naye. New York kuna mabasi yamefungwa kamera kwa mbele, likikuta gari limeegeshwa leni linapiga picha namba na kuondoka. Hiyo naipenda sana, basi linajilinda lenyewe. Wengine wamepeleka leni katikati ya barabara, mbali na wanaoegesha na kushusha mizigo, kama Seoul walivyofanya 2004. Curitiba kule Brazili walianza na njia za mabasi tu mwaka 1974 chini ya meya Jaime Lerner, msanifu majengo, kwa sababu metro ilikuwa ghali mno kwao, na Bogotá wakaja na TransMilenio mwaka 2000, leni zilizotengwa kabisa na vituo ambavyo basi moja linaweza kulipita lingine lililosimama. Hicho cha mwisho kinaonekana kidogo ila ndicho kinachofanya njia yao kuu ibebe zaidi ya watu elfu 40 kwa saa upande mmoja. Wanabanana humo, ndio, ila wanafika. Dar es Salaam ikaanza na mabasi ya namna hiyo 2016 na sasa "mwendokasi", jina la mabasi hayo, ni neno la kila siku.

Ilishafeli pia. Delhi walijenga kipande cha kilomita tano na kitu, kikafunguliwa 2008, taa zikawa zinachukua muda mrefu kupitisha kila upande, magari na pikipiki yanajiingilia leni ya mabasi yanavyotaka, wenye magari wakapiga kelele mwaka hadi mwaka, kikabomolewa 2016. Kilichowaua zaidi ni makutano kuliko leni, na hilo ni somo ambalo watu hawataki kulisikia kwa sababu taa hazipigwi picha siku ya uzinduzi. Leni inakufikisha kwenye taa haraka, ukifika ukakaa dakika tatu umefanya nini? Basi likikaribia, taa inatakiwa ishike kijani sekunde chache zaidi, au basi lipewe kijani chake kabla ya wengine, lichomoke.

Na sio kila barabara inastahili. Barabara yenye mabasi manne kwa saa ukiitengea leni ya saa 24 unatafuta chuki bure, hapo yule wa kioo nusu atakuwa na haki kabisa. Weka kwa masaa ya asubuhi na jioni, au weka mita mia za mwisho kabla ya taa basi liruke foleni, inatosha. Ambulansi nazo zipite humo, hilo halina mjadala. Pikipiki? Hapana, samahani, ukishawaachia hao leni imeisha.

Jamaa yangu mmoja, ndo huyohuyo wa mkono dirishani, aliniuliza hivi kwa kejeli: leni ikiwekwa kwenye barabara yako wewe utaacha gari? Nikamwambia ukweli, siku ya kwanza siachi. Nitakaa kwenye foleni yangu na redio yangu na kiyoyozi, nitaliona basi linanipita nitasema bahati tu. Siku ya pili litanipita lilelile, muda uleule, nitaangalia saa. Siku ya tatu nadhani nitakuwa nimesimama kituoni natafuta kadi, na yeye nitampungia mkono kupitia dirishani.