Hii Itaingia Tu, Mzee

Ukitaka kujua Mbeya ina mafundi wangapi, miliki BSA Bantam, pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Isimamishe Mwanjelwa ununue vocha tu. Ukigeuka, wanaume wameshaizunguka, mmoja kachuchumaa anashikashika kabureta ya watu bila hodi. "Shikamoo mzee. Hii dawa yake ndogo. Tunapachika injini ya Boxer."

Nani kauliza dawa? Mimi nimefuata vocha!

Niliikuta Tukuyu kwenye banda la kahawa, kuku wanatagia juu ya tangi. Waingereza walianza kuziuza mwaka 1948, na wala hawakuumiza kichwa: walichukua michoro ya pikipiki ya DKW RT 125 ya Ujerumani kama fidia ya vita, wakaipindua kushoto kulia ili gia ikae mguu wa kulia walikozoea. Vita ya wazungu, fidia ya wazungu, anayelipa mpaka leo ni mimi.

Maana mji huu kila mguu wa kulia unajua kazi moja: breki. Kijana mmoja wa gereji akaomba "aipime kidogo". Nikamwambia breki iko kushoto. "Nimekuelewa, mzee wangu." Kufika kona ya soko akakanyaga kulia. Gia ikabadilika, pikipiki ikaendelea na safari zake mpaka kwenye meza ya mama wa maparachichi. Yule mama dereva hata hakumtazama. "Mwenye pikipiki nani?" Nikalipa maparachichi yote, hata yale yaliyooza kabla ya ajali.

Sasa tuje kwenye spana, ndipo presha inapopanda. Nati zake zinataka spana za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza. Unashika spana imeandikwa 1/4, unaupima mdomo wake, 1/4 huioni, kwa sababu hicho ni kipimo cha unene wa bolti, kichwa cha nati kina mambo yake. Ukija na spana zetu, namba 13 haiingii, 14 inacheza. Yenyewe inataka milimita 13.3 na kaushee. Fundi anajaribu 13, anajaribu 14, anakohoa, halafu anaita: "Dogo, lete tindo!" Nati imetoka kwa mkoloni, imeuona uhuru, imeliona Azimio la Arusha, imepita vita ya Kagera salama, inakuja kufia Mwanjelwa kwa tindo.

Pistoni niliagiza Uingereza. Bantam zilitengenezwa kwa malaki, na huko wapo watu mpaka leo wanatoa spea zake mpya. Nikalipa bei, nikalipa usafiri, nikalipa ushuru, juu yake VAT asilimia 18. Siku ya kuchukua kifurushi nilikwenda na mama watoto. Akakipima uzito mkononi, akanitazama. "Baba Tumaini, hii ndiyo hela ya mabati?"

Nikaikimbiza kwa fundi mchonga vyuma ili silinda iendane nayo. Akaigeuzageuza. "Mzee, wamekupiga. Imeandikwa 20. Sisi tunataka hamsini." Nikamweleza taratibu: hiyo 20 ni ukubwa uliozidi wa kawaida, kwa elfu za inchi. Inchi 0.020 ni milimita 0.508. Ni hamsini hiyohiyo ya mia za milimita, na chenji juu. Akanitazama kwa ile huruma ya kumtazama mzee aliyeanza kusahau njia ya kwake. "Sawa mzee, lakini ishirini siyo hamsini." Dereva mmoja wa Noah, aliyekuja kuchomelea ekzosi na hana hili wala lile, akadakia: "Hata mimi hapa naona ishirini." Basi ikapigwa kura, nikashindwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Iliyobaki ilikuwa umeme umekatika, fundi yuko msibani, na dogo kaondoka na kipimo.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Yupo kijana aliyenikatia gasketi kwa boksi la sabuni, anagongagonga na kinyundo pembeni mwa blok huku anachati, na mpaka leo haivuji tone. Huyo nikimwona nampa soda.

Lakini yule wa klachi! Sahani za klachi ya hizi za zamani zina vipande vya koki, ile ya vizibo vya mvinyo, zinazunguka ndani ya oili. Kusikia koki, uso ukamchanua. "Za nini kuagiza, mzee? Tunatoboa ndala. Itaingia tu." Na kweli iliingia. Ikanifikisha mwanzo wa Mlima Nyoka, oili ikachemka, ndala ikaiva. Abiria wa Hiace iliyonipita walifunga madirisha.

Taa nayo ni ya volti 6. Maduka yote balbu ni za volti 12, wakanifungia hiyohiyo. Usiku kwenye ukungu wa Uyole inamulika kama kibatari. Mimi siioni barabara na barabara hainioni.

Siti ya mwanzo ilikuwa ya mtu mmoja, ya springi. Springi zikakatika, nikaiacha gereji waiunge. Jioni nakuta siti ndefu ya bodaboda, nyekundu, nyuma imeandikwa MUNGU NI MWEMA. "Ofa hiyo, mzee. Ile tumeuza skrepa."

Nikatoka nayo nikiwa nimevimba. Nasimama Kabwe kupisha lori, nikasikia springi za nyuma zimelalama. Nageuka, mama na mkungu wake wa ndizi wameshakaa.

"Uyole shilingi ngapi?"

"Mama, hii siyo bodaboda. Hii ni Bantam, Waingereza walianza kuziuza mwaka 1948..."

"Baba, nina haraka. Elfu tatu?"

"Nne," nikasema. "Hii inakunywa petroli ya kuchanganya na oili."