Ajali Ina Tarehe, Ugonjwa Hauna

Mashine ikimkata mtu kidole kule Industrial Area, Nairobi, kila mmoja anajua la kufanya. Damu ipo, mashahidi wapo, saa na tarehe zinajulikana. Mwajiri ataripoti, daktari ataandika asilimia ya ulemavu, kisha kampuni ya bima itaanza kuzungusha watu kama kawaida yake. Lakini kifua kikianza kubana baada ya miaka mingi ya kupuliza rangi magari karibu na Kirinyaga Road, utamdai nani? Na utaandika ilitokea lini?

Hapo ndipo mfumo wetu wa fidia unaponikera. Kwenye karatasi, ugonjwa wa kazini ulilinganishwa na ajali zamani sana. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Namba 18, uliotaka mfanyakazi aliyeugua kwa sababu ya kazi alipwe fidia isiyopungua ya yule aliyeumia ajalini. Magonjwa yaliyoorodheshwa yalikuwa matatu tu: sumu ya risasi (madini ya lead, si ya bunduki), sumu ya zebaki na kimeta. Mwaka 1934 orodha ikafika kumi, silikosisi ikiwemo, yaani mapafu kukakamaa kwa vumbi la mawe. Mbele ya kila ugonjwa ziliandikwa kazi zinazouleta, ili mgonjwa asilazimike kuanza upya kubishana kama risasi ni sumu ama si sumu.

Kenya nayo ina orodha yake, ndani ya sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 (Work Injury Benefits Act) ambayo wengi tunaiita WIBA. Kwa hiyo maneno tunayo. Shida ni kwamba sheria yenyewe ina mifupa ya ajali. Dai linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na mlipaji ni mwajiri, kupitia bima anayotakiwa kuikata. Sasa mchukue kibarua wa mjengo. Mwezi huu yuko Ruaka, mwezi ujao Kitengela, jioni foromani anamhesabia pesa mkononi, na jina lake haliandikwi popote ila kwenye daftari litakalotupwa jengo likiisha. Mapafu yake yamekusanya vumbi la wakandarasi wengi, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekubali kuwa lile lililomwangusha lilikuwa lake. Fundi wa Kamukunji anayejigongea mabati na masufuria kwenye kibanda chake hata hayumo kwenye sheria, kwa sababu hana mwajiri. Msimamie mbele umsalimie kwa sauti ya kawaida, utaona anavyokutegea sikio.

Kinga waliyo nayo wengi mnaijua: pakiti ya maziwa, eti husafisha kifua. Katika gereji moja ninayopitia mara kwa mara, mpuliza rangi hufunga leso puani, anamaliza mlango wa gari, anateremsha maziwa yake na kukohoa. Bosi huyanunua mwenyewe na anaona amewajali vijana. Maziwa huenda tumboni, ndugu zangu. Rangi imeingia mapafuni.

Hospitalini nako mambo hayanyooki. Mchonga mawe akifika na kikohozi na kilo zilizopungua, kinachofikiriwa kwanza ni TB, na si kosa, maana silikosisi yenyewe hufungulia TB mlango. Lakini asipoulizwa anafanya kazi gani, atameza dawa miezi sita na kurudi kwenye vumbi lile lile. Hakuna karatasi itakayotaja kazi yake, na bila karatasi hakuna dai. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini. Sina ugomvi na hilo, mradi kinachomfikia mezani kiwe kimeandikwa na daktari aliyeuliza.

Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri, walipewa na korti shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Risasi ndiyo hiyo hiyo ya orodha ya 1925, ila walishinda kwa haki ya mazingira safi. Njia ya fidia ya kazini haikuwafikisha huko.

Mimi naona tuige Tanzania. Tangu 2015 waajiri wa huko huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mgonjwa hategemei mfuko wa suruali wa bosi mmoja. Pia turidhie Mkataba Namba 121 wa 1964, unaozungumzia ajali na magonjwa ya kazini kwa pamoja. Senegal, Guinea na Kongo ya Kinshasa ziliuridhia miaka ya sitini. Kenya bado. Na wakati Bunge linajivuta, Wizara ya Afya inaweza kuongeza mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki ya kifua: kazi zote ulizowahi kufanya, na wapi.