Saini pekee haithibitishi tsuba
Makala inayodai kuwa tsuba fulani, yaani kikinga mkono cha upanga wa Kijapani, ni kazi ya Yokoya Somin imeegemea mno saini yake iliyochongwa juu yake, ilhali jina la fundi huyo wa Edo (Tokyo ya leo), aliyefariki mwaka 1733, limeghushiwa mno. Kazi yenyewe ndiyo ikaguliwe kwanza: Somin alisifika kwa kuchonga akiwa ameinamisha patasi, mstari ukinenepa na kukonda kama wino wa brashi, na hapo ndipo mwigaji anapoumbuka, kwa sababu hunakili umbo la herufi za saini vizuri lakini mkono wake husita katikati ya mchoro. Isitoshe, mafundi wa mwanzo wa ukoo wa Goto, waliotengeneza mapambo ya panga, kwa kawaida hawakutia saini kabisa. Warithi wao ndio waliochonga majina ya mafundi hao kwenye kazi zao baadaye, kama uthibitisho.