Rodi ya jeki ya tipa: ipigwe kromu upya au inunuliwe nyingine?

Nyuma ya gereji moja pale Unga Limited, Arusha, rodi ya jeki ya tipa, ile nondo inayochomoza kuinua bodi, ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili, inang'aa kama kioo. "Pitisha ukucha, kaka," fundi akaniambia. Nikapitisha, ukakwama. Mkwaruzo mwembamba tu, lakini ndio uliokuwa ukivujisha oili ya haidroliki kila tipa ikibinua kifusi. Mwenye gari alitaka rodi mpya. Fundi alitaka ya zamani ikerezwe, ipigwe upya kromu, lile tabaka gumu la nje linalong'aa.

Mwenye gari hakuwa mbishi bure. Kromu ya rodi kwa kawaida haizidi sana unene wa mikroni 20 hadi 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani una kama 70. Ugumu wake, kwa kipimo cha Vickers, ni 800 hadi 1,000. Madini ya kwazi yaliyomo mchangani hufika 1,100 hivi, kwa hiyo mchanga unaweza kuikwaruza. Chini yake kuna chuma laini zaidi: jiwe likigonga, kromu inabonyea na kupasuka kama ganda la yai. Maji yakipenya, kutu inatambaa kwa ndani mpaka kromu ibanduke. Isitoshe, beseni la kupigia kromu lina sumu inayosababisha saratani; nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kuitumia bila kibali maalumu tangu Septemba 2017. Kwetu nami ningeuliza maji ya kuoshea yanamwagwa wapi, maana mto Themi unapita mjini na huko chini watu wanamwagilia mboga.

Fundi naye hakulaumu kromu. Alilaumu sili ya vumbi, ule mpira wa mdomoni mwa jeki unaopangusa rodi inaporudi ndani. Ikikauka na kupasuka mdomo, mchanga unanasa kwenye mpira, na hapo sili inageuka msasa unaosugua rodi ikipanda na kushuka. Weka rodi mpya juu ya sili hiyo, itachanika vilevile.

Kwa jeki ya tipa naegemea kwa fundi, mradi rodi haijapinda na kutu ikerezwe yote kwanza. Tatizo langu naye ni mng'aro. Rodi iliyosuguliwa ikalainika kupita kiasi haishiki oili. Mdomo wa sili unateleza mkavu, unalia, unaungua. Inatakiwa ibaki na ukwaru wa mikroni 0.1 hadi 0.4 hivi. Hata nyufa ndogo za kromu, zilezile zinazopitisha maji, husaidia kuhifadhi oili.

Shokapu za magari ya watalii, zile zinazomalizwa na vumbi ukishapita geti la Lodoare kuingia Ngorongoro, nazo zina rodi za kromu, lakini sitazipigania. Nyingi zimezibwa kiwandani. Kuifungua ni kuikata. Nunua nyingine.

Fundi akaichomoa sili ya vumbi, akaikunja kwa vidole viwili. Ikakatika kama biskuti. Mwenye gari akaiokota, akaigeuzageuza, kisha akauliza: "Na hii ni shilingi ngapi?"