Nauli ya Kura

Juzi redioni nimemsikia bwana mmoja, sauti nzito kama ya mwenye nyumba anayedai kodi, akisema Wakenya wasiotokea siku ya kura ni wavivu. Wavivu! Nilizima redio, chai ishapoa.

Soja anayelinda lango la ploti yetu hapa Kisauni ni mtu wa Kakamega, kule magharibi mwa Kenya. Agosti 2022 aliomba ruhusa, akapanda basi (nauli imeshapaa, wenye mabasi hunusa msimu mapema), akaenda kwao kumchagua gavana. Kufika, anaambiwa kura ya gavana imeahirishwa, karatasi zimechapishwa na picha zisizo za wagombea. Ikatajwa tarehe 23, kisha 29. Tarehe 29 alikuwa langoni, anatufungulia. Sisi wa Mombasa karatasi zetu nazo ziliharibika vilevile, kwa hiyo siku hiyo alitutazama tukirudi na wino vidoleni. Mvivu kweli huyo.

Si angehamishia kituo chake cha kura huku? Haya, angeweza. Nilimwuliza. Akasema, "Bosi, mamangu akiugua, ataenda hospitali ya gavana gani?" Nikanyamaza; hospitali za kaunti ziko chini ya gavana. Mke kule, watoto kule, shamba kule. Mombasa ana lango tu, na si lake. Tena wanaozikumbuka ghasia za baada ya kura ya 2007 hawapendi matokeo yawakute ugenini. Redioni hilo halisemwi, lakini nenda stendi wiki moja kabla ya kura uione mizigo.

Kabila lina nguvu? Lina nguvu, nani asiyejua. Leso na mia mbili za kampeni? Watu huzipokea, kisha wakafanya lao. Na wavivu wapo, sikatai: binamu yangu siku ile alilala hadi adhuhuri, akaamka akiulizia pilau.

Ila tuliojiandikisha tulikuwa 22,120,458, na waliopiga kura hawakuvuka asilimia 65. Waliokosekana wanapita milioni 7.7. Ruto mwenyewe alipata 7,176,141, akamzidi Raila kwa 233,211. Yaani waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua rais, na tuambiwe wote walikuwa na binamu yangu kitandani? Watu hawahawa wanaoamka saa kumi alfajiri kukimbilia kibarua?

Kura ijayo ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Nimemwuliza soja kama ataenda tena. Amesema ataona nauli, na kama safari hii gavana atakuwa na sura yake mwenyewe.